Tension Si Mawazo

Kolwezi, Kasulo, tarehe 9 mwezi ya pili 2024

Latifa, mujukuu wangu, mukemwenza wangu,

Asalam aleikum. Nakusalimia, lakini na uso ya kukunja, ujue. Miaka mbili! Miaka mbili umeniacha hapa sawa sufuria yenye ilitoboka. Solwezi, ng'ambo ya mupaka, iko ku mwezi? Camion ya mujomba yako Yassini inaenda na kurudia, inabeba chokaa, inabeba unga, juzi ilibeba hata mbuzi ya mutu. Wewe peke yako njo muzigo yenye haiingii?

Mwenye kuandika ni Domitille, jirani, fundi ya nguo. Alikuwa secrétaire ku école ya bamasœur, basista ba Katolika, mukono yake ni muzuri. Nimemuambia aandike vile natamka, asinipangie maneno. Ameshafuta neno moja, nimemuona. Domitille, rudisha ile neno.

Utauliza: Kambo, simu haiko? Simu iko. Lakini ku simu unasema "niko bien, Kambo, niko bien", kisha unakata. Karatasi haikatike.

Sisi wote tuko bazima. Goti yangu inalia, lakini inaliaka kila mwaka. Ukuta ya Domitille imepasuka tena, kwa sababu jirani wa nyuma anachimba. Anasema ni choo. Choo gani inafika mita kumi na tano? Tumemuambia: siku utatokea katikati ya nyumba ya Domitille na kiloba yako ya mawe ya kobalti, tutakupa sahani ya bukari kwanza, kisha tutakuchapa.

Sasa maneno yenyewe. Yassini alipita kwako. Anasema ulimufungulia mulango umevaa babouche, ile ndala ya bwana yako Amani. Yeye ni mwanaume, aliona ni mapendo. Mi nilimuuliza: miguu yake ilikuwa namna gani? Akasema: "Amenona kidogo." Latifa, mutu hanonaki ku miguu peke yake. Uko na mimba. Na miguu inavimba vile ilivimba ile mara ya kwanza, wakati tension ya damu ilipanda, tukazika mutoto na kidogo tukuzike na wewe. Njo sababu hukuji huku, najua. Pale sikugombeze. Lakini usiniletee "niko bien". Niandikie bitu bibili: mimba iko na miezi ngapi, na tension iko ngapi. Tension kwanza.

Mi sijui kuandika jina, basi natia kidole. Hiyo doa nyekundu ni mawese, nilikuwa napika majani ya sombe.

Kambo yako, Bilkisi


Solwezi, 27 Februari 2024

Kambo wangu mpendwa,

Waaleikum salaam. Barua yako imenifikia na doa lake. Nimelinusa, nikatamani sombe mpaka Amani akaniuliza kwa nini nalia juu ya karatasi. Anakusalimia sana. Gereji yake inaendelea, siku hizi anatengeneza breki za malori makubwa na anarudi mweusi kama makaa, anajificha asinichafulie mashuka. Msalimie Domitille. Mwambie neno alilolifuta limesomeka vizuri kabisa, na haikuwa lazima kulirudisha.

Ni kweli. Miezi mitano. Sikukuambia, Kambo, kwa sababu sikuwa nimemwambia mtu, hata mimi mwenyewe sikujiambia kwa sauti. Ile ya kwanza tuliitangaza mapema, ukashona nguo, ukawaambia wanawake wote wa msikitini. Safari hii nilitaka ikue bila kelele.

Lakini usiogope, nimeshaenda kliniki ya mtaa wetu. Unajua hapa ni Kiingereza, Kikaonde na Kibemba. Kifaransa changu chote, miaka sita ya kufundisha shuleni, hakinisaidii hata kununua chumvi. Amani alikuwa kazini, kwa hiyo nikafanya kama mwalimu: nikaandika kwenye karatasi. Na nilikuwa na bahati. Nilitazama katika kamusi ya Amani nikakuta neno lenyewe ni moja kwa lugha zote mbili, herufi kwa herufi. TENSION. Niliandika kwa herufi kubwa, nikapiga mistari miwili chini yake. Muuguzi alisoma, akanishika mkono kwa upole sana, akaongea kwa muda mrefu. Kila alipotua nilisema "yes". Akanipa vidonge vya kuongeza damu, kisha akaweka viganja viwili chini ya shavu, akafumba macho, kunionyesha nilale nipumzike. Kile kifaa cha kufunga mkononi kilikuwa kimeharibika siku ile, lakini sidhani walikihitaji, maana walikuwa wameshaelewa.

Kwa hiyo namba sina. Kichwa kinauma kidogo asubuhi, ni jua. Babouche za Amani ni laini, basi.

Mjukuu wako, Latifa


Kolwezi, Kasulo, tarehe 19 mwezi ya tatu 2024

Latifa,

Ramadhani mubarak. Wewe usifunge, nakukataza, na kama Amani anasema kitu umupe simu yangu. Barua yako ililala siku kumi na moja ku Kasumbalesa, mu camion ya Yassini, bakipanga foleni ku mupaka. Imefika na harufu ya mafuta ya gari. Tuko bazima. Jirani wa choo yake amefika ku maji, sasa anasema ni kisima.

Domitille alisoma, akafurahi, akasema "Alhamdulilahi" hata yeye ni wa Katolika. Mi sikufurahi. Nikamuambia: rudia pale pa mikono chini ya shavu. Akarudia. Nikamuambia: rudia tena. Mutu iko na tension, na banamuambia alale, sawa mutu mwenye alikosana na wifi yake?

Tulienda kwa Badibanga, ule mwenye anauza chargeur ku soko. Alikaa Ndola miaka kumi, Kiingereza anaisikia. Domitille akamusomea. Badibanga akacheka mpaka akashika meza.

"Mama Bilkisi," akasema, "ku Kiingereza tension ni mawazo! Ni roho kukazana. Sawa vile mukwe yako akikuja kukaa kwako mwezi muzima."

"Na tension ya damu?"

"Ile banaita BP. Bipi."

Kisha akaona uso yangu, akaacha kucheka.

Bipi! Latifa, ulienda kubaambia uko na mawazo mingi! Na ule muuguzi, mutu ya roho muzuri, akakupa pole. Simugombeze. Wewe pia sikugombeze, hata mwalimu angeanguka pale. Hii neno inavuka mupaka na nguo yake ile ile, kumbe ng'ambo ni mutu mwingine.

Sikungojea barua. Nilimupigia bwana yako, nikamusemesha vile sikumusemesha hata siku ya mahari. Lakini Amani naye Kiingereza yake ni ya breki na boulon, haiwezi kueleza mimba. Basi siku ya Ijumaa, kisha sala, nilisimama ku mulango ya bamama nikauliza kwa sauti kubwa: "Nani anajua muganga wa kwetu kule Solwezi, mwenye anasikia Kifaransa na Kiingereza?" Mama ya Alimasi akasema binti yake anauza bitenge Chingola. Binti akasema Bakongomani ba Solwezi beko na kwaya. Kwaya ikasema: muone Abigaël, wa Likasi, mukunga ku opitali kubwa, anaimbaka sauti ya pili. Siku moja na nusu, Latifa, na mi sikutoka Kasulo. Atakuja kwako jumapili kisha misa. Ukisoma hii, ameshakuja. Mufanyie chai, na mupe mukono yako afunge ile kifaa.

Sasa ile "yes" yako. Domitille, andika, na usilie juu ya karatasi.

Mama yako Nafisa. Ulikuwa na miaka tatu, hukumbuki. Alikuwa na mimba ya mudogo yako. Nilimufikisha ku opitali hapa Kolwezi, mudomo yake ilikuwa imeshafunga. Dokta akakuja, blouse nyeupe, akanisemesha Kifaransa mbio mbio. Maswali tatu. Mi sikukanyaga masomo, sikusikia hata moja. Niliona haya. Kulikuwa batu. Nikasema "wi, dokta". Mara tatu, wi, ndiyo. Akaandika, akaenda. Tulimuzika Nafisa, na mpaka leo sijui niliitikia nini.

Sijamuambia mutu. Makumi mbili na tano ya miaka sijaingia tena mu ile nyumba. Hata ile siku yako, bengine balikuwa ndani na wewe, mi nilibaki inje ku barrière na thermos ya chai.

Usiniulize zaidi. Lakini ukikosa kusikia, usiseme yes. Sema no. Ile neno hata mi naijua.

Kambo yako


Solwezi, 14 Aprili 2024

Kambo wangu,

Eid njema, iliyopita. Amani alinunua kuku, akampika mwenyewe, na ninakuomba usimuulize jinsi alivyompika.

Abigaël alifika kabla ya barua yako, Jumapili ile ile, bado amevaa sare ya kwaya. Ni mwanamke mnene, mcheshi, anaongea kama watu wa Likasi, na alipofungua mdomo na kusema "Jambo, mama, minatoka kwa Kambo Bilkisi", nilimkumbatia mlangoni kabla hajamaliza. Akanifunga kifaa mkononi. Akapima. Akafunga mkono wa pili, akapima tena.

"Kumi na saba juu ya kumi na moja," akasema. "Nani alikuambia ulale?"

Nikamwonyesha karatasi ya kliniki na ile karatasi yangu. Aliitazama ile TENSION yenye mistari miwili, akaifunika kwa kiganja. "Wewe si wa kwanza," akasema. "Mwaka jana nilimkuta mwingine amepewa dawa ya usingizi."

Saa ile ile tulikwenda hospitali kubwa. Huko waliandika mia na sabini juu ya mia na kumi. Amani akadhani wameongeza sifuri kwa makosa, akataka kugombana. Abigaël akamweleza kwamba wao wanahesabu hivyo, ni namba ile ile. Walinilaza siku tisa. Sasa niko nyumbani, nakunywa vidonge mara tatu kwa siku, na Abigaël ananipima kila anapotoka kazini. Inashuka, inapanda. Wanasema huenda mtoto atatolewa kabla ya wakati wake. Nimekuambia, Kambo. Sisemi "niko bien".

Wodini kitanda cha tatu kulikuwa na msichana anaitwa Gloire, wa Kisenge, mumewe ni dereva. Juu ya kitanda chake waliandika asile chochote kabla ya kipimo. Kipimo kilifanyika Jumatatu. Jumatano bado hali, analia, kila sahani ikija anaisukuma, na wauguzi wanadhani ana huzuni. Nikamuuliza kwa Kifaransa, kisha Kiswahili. Nikamtuma mtu amwite Abigaël, akamweleza kuwa katazo lilikwisha siku ya kipimo. Gloire alikula sahani mbili na nusu ya kwangu. Hapo ndipo wazo lilipotupata. Tuna Abigaël, tuna muuza dawa mmoja wa Lubumbashi, tuna binti wa Mama Alimasi kule Chingola, na Badibanga wako amekubali kupigiwa simu. Tumeandika majina na namba kwenye karatasi moja, tunaigawa kanisani, msikitini na kwa madereva. Mkongomani akiugua huku, asikae peke yake mbele ya daktari. Tunaunda réseau.

Sasa jambo moja. Madaktari wanauliza kuhusu ile mara ya kwanza: nilipewa dawa gani, mwili ulifanya nini. Sijui, Kambo. Nilikuwa nimepoteza fahamu. Majibu yako kwenye faili, na faili liko hospitali ya Kolwezi, nalo hawampi mtu asiye wa familia. Yassini yuko njiani kwenda Dar, atarudi baada ya mwezi.

Sikuombi uende. Ile sehemu ya barua yako nimeisoma mara moja tu, nikaikunja. Nakuambia tu kwamba faili lipo.

Latifa


Kolwezi, Kasulo, tarehe 5 mwezi ya tano 2024

Mukemwenza wangu,

Tuko bazima. Wakati Domitille alisoma "tunaunda réseau" mi niliangalia simu yangu. Nikasema: Latifa amekuwa fundi ya antenne? Huku Kasulo tunalia kila siku réseau ya simu haiko, yeye anaiunda Solwezi? Domitille alicheka mpaka sindano ilianguka. Akanieleza. Basi kama réseau ni kuulizana mutu kwa mutu mpaka unapata mwenye anajua, mi niliianza mbele yenu, ku mulango ya muskiti, na hakuna mutu alinipa jina yake ya Kifaransa.

Nimeenda.

Nilivaa kitenge ya Eid, ile ya bluu, kusudi basinidharau. Ku barrière miguu ilisimama. Domitille akasema: "Turudi, tutakuja kesho." Nikamuambia: "Kesho nitakuwa na miguu ingine?" Tukaingia.

Ku chumba ya mafaili kuna kijana mukubwa, Samy, na miwani. Nikamusalimia, nikasema nataka faili ya mujukuu yangu. Akanijibu Kifaransa, murefu. Domitille akafungua mudomo kunijibia. Nikamukanyaga muguu.

Nikasema: "Non."

"Non nini, mama?"

"Non, sikusikia. Rudia, na Kiswahili."

"Mama, ici c'est l'administration."

"Na hiyo ofisi, hiyo administration, inakulaka nini saa sita? Si bukari? Na mi nakulaka bukari. Basi sema sawa mutu mwenye anakulaka bukari."

Batu ku foleni bakacheka. Yeye pia akacheka, akavua miwani, akapangusa. Akasema: "Mama, na mi ile Kifaransa ni ya hapa tu. Ku nyumba nasemaka Kilunda." Kisha akaniambia na Kiswahili muzuri kabisa: nipe jina, mwaka, na carte yako. Maneno tatu! Angeanza na ile.

Ilichukua saa mbili. Faili yako iko na vumbi, kona moja panya ilikula. Domitille akafungua. Juu kabisa kuna maandiko nyekundu. Akasoma, akamuonyesha Samy. Samy akamuita muuguzi, na ule akanieleza pole pole, na Kiswahili, nikamurudisha mara tatu. Ile siku balikupiga sindano ya pénicilline, na mwili yako ikaikataa. Shingo ilivimba, pumzi ilitaka kukatika. Bakaandika nyekundu: mutu huyu asipewe tena pénicilline, hata kidogo.

Hakuna mutu alituambia. Ao balimuambia mutu mwenye alisema wi.

Domitille alipiga picha pale pale, akamutumia Abigaël, na Abigaël amejibu ameipata, ameiandika Kiingereza, ameipeleka kwa dokta. Karatasi yenyewe inakuja na hii barua, dereva wa camion ya Alimasi anaibeba mu kifua, nimemuapisha.

Mbele ya kutoka, Samy akaniuliza: "Mama, kuna faili ingine unatafuta?" Niliangalia zile étagère, bikartoni mpaka juu, na miaka imeandikwa pembeni. Nikasema hapana. Nikamushukuru.

Kisha kuna mama alikuwa anakaa ku banc, anatoka njia ya Dilolo, anasema Kichokwe tupu, na karatasi mu mukono sawa mutu mwenye ameshika nyoka. Nikamuambia Samy: wewe Kilunda unasikia, mutaelewana, kuja hapa. Akakuja. Domitille ameshaandika jina yake na simu yake mu cahier yetu mupya, daftari ya ile réseau. Samy, si ya mama. Ile ya mama pia.

Kambo yako


Kolwezi, Kasulo, tarehe 9 mwezi ya sita 2024

Latifa,

Sisalimii.

Siku tano napiga simu. Amani anashika, anasema "analala, Kambo". Asubuhi analala. Saa sita analala. Jana nikasema: muamushe. Akasema: "Atakupigia." Akakata. Abigaël hashiki kabisa. Binti ya Mama Alimasi anasema hajui, lakini anasema mbio sana.

Réseau yenu iko wapi?

Domitille anataka kuandika kwamba tunaomba Mungu. Andika, Domitille, ni kweli. Andika pia kwamba dereva anaondoka saa kumi na mi nimeketi ku kiti yangu na sijapika.

Kama umeenda kwa Mungu, baniambie na mudomo. Basiniache nikiongea na karatasi.

Bilkisi


Solwezi, 23 Juni 2024

Kambo, Kambo wangu,

Niko hai, na nimekaa kitini ninapoandika. Unikasirikie mimi, usimkasirikie Amani. Mimi ndiye niliyemwapisha, na Abigaël pia. Najua jana Amani alikupigia, akakuambia "wote wazima", akalia, ukamkemea. Sasa nikuambie yote.

Tarehe nne asubuhi macho yalianza kuona nyota. Abigaël alipima mara moja tu, hakunifunga mkono wa pili. Hospitalini wakasema: leo, upasuaji. Abigaël alikuwa zamu upande mwingine, hawakumruhusu kuingia, na nilijua nitabaki na watu ambao siwaelewi. Lakini alikuwa amebandika karatasi kwenye kitanda changu, na nyingine kwenye faili, na ya tatu aliifunga kwa plasta kwenye mkono wangu: NO PENICILLIN. Kwa wino mwekundu, kama ule wa Kolwezi.

Ndani, kijana mmoja alikuja na trei ya sindano. Alikuwa ameshavuta dawa. Akashika mkono wangu, akageuza plasta, akasoma. Akaniuliza kitu. Sikuelewa, Kambo. Nilikuwa na baridi, na ulimi ulikuwa mzito, na ile "yes" ilikuwa imeshafika kwenye meno, maana alikuwa mpole na nilitaka amalize.

Nikasema: "No."

Akauliza tena. Nikasema tena: "No. No." Nikaelekeza kwenye trei, nikatikisa kichwa. Akairudisha ile sindano, akamwita mkubwa wake, wakasoma pamoja, wakaleta kichupa kingine. Baadaye Abigaël aliniambia swali lake lilikuwa nini. Aliuliza kama ile plasta ilikuwa ya zamani, kama sasa naweza kuipokea ile dawa.

Ni msichana. Alikuwa kilo moja na gramu mia tisa. Walimweka kwenye sanduku la joto, na hakulia. Alikuwa anapumua, anafungua mkono, lakini sauti hana. Siku ya kwanza, ya pili, ya tano. Nilisikia simu yako ikiita mfukoni mwa Amani, na nikashindwa. Ile mara ya kwanza nilikufanya utangaze. Safari hii nilitaka kukuletea mtoto aliyekwisha kulia.

Alilia siku ya kumi na nane, jana, saa nne asubuhi, kwa sababu Gloire wa Kisenge alikuja kutuona na kupiga chafya kubwa karibu na sanduku. Wodi nzima ilipiga makofi. Sasa hanyamazi. Tension yangu ni kumi na tatu juu ya nane.

Hana jina. Siku ya saba imepita, najua. Amani anasema jina litatoka kwako, au halitatoka.

Mjukuu wako, mkemwenza wako, Latifa


Kolwezi, Kasulo, tarehe 7 mwezi ya saba 2024

Latifa wangu,

Asalam aleikum wewe, asalam aleikum Amani, na asalam aleikum yule mudogo mwenye anapiga kelele.

Domitille alisoma mpaka pale pa "No", akashindwa. Aliweka barua chini, akaenda kusimama inje karibu ya jirani wa kisima. Nilibaki na karatasi mbele yangu saa nzima, sijui imeandikwa nini mbele. Siku ile tu katika maisha yangu nilitamani kusoma. Nikamuita: "Domitille, ama unamaliza, ama naenda kwa Badibanga!" Akarudi, akamaliza.

Nilikasirika na wewe siku mbili. Nilikula vizuri zile siku, hasira inaleta njaa. Sasa imekwisha. Lakini usinifanyie tena ile. Habari mubaya ni yangu pia. Hunipimii ya kunipa na ya kuficha, mi si mutoto.

Swali ya yule kijana nimeifikiri sana. Swali muzuri. Mutu mwenye anauliza kabla ya kuchoma, Mungu amubariki na amupe bibi muzuri. Na wewe ulimujibu bila kusikia Kiingereza, lakini ulimujibu. Ule dokta ya Nafisa naye labda aliuliza muzuri. Labda. Leo ni mara ya kwanza nafikiri vile.

Jina. Usimuite Nafisa. Ile jina bado iko na kazi ndani yangu, sijamaliza nayo. Usimuite Bilkisi, bado naitumia. Muite Abigaël. Najua, ni jina ya kanisa. Domitille anasema mu Biblia ni bibi ya ndoa ya Daudi, na Daudi ni nabii wetu sisi pia, basi ameingia mu familia. Imam wenu atakohoa kidogo. Amani amuangalie mu macho mpaka aache.

Huku cahier yetu iko na majina kumi na moja. Samy amemuleta dada yake, mwenye anajua Kichokwe na anafanya kazi ku maternité. Kuna infirmière wa Kasulo mwenye anasema na Kiswahili hata dokta akimutazama vibaya. Kila juma, siku ya ine na ya tano, mi na Domitille tunakaa ku banc, ndani, si ku barrière. Mama akifika na karatasi, tunamuuliza: unasikia nini? Lugha gani? Kisha tunatafuta mudomo yenye inafaa. Mi sijui kusoma, lakini uso ya mutu mwenye anasema wi bila kusikia, ile naisoma toka mbali. Juzi nilimukamata mumoja hivi, mwanaume mukubwa na kofia, anasema "oui, oui". Nikamuvuta shati. "Baba, umesikia?" Akanitazama. "Hapana, mama." "Basi muambie." Akamuambia. Dokta hakukasirika. Akarudia pole pole.

Kumbe ilikuwa vile tu.

Yassini anasema mwezi ya kenda barabara itakuwa bado kavu, na Abigaël mukubwa anasema mutoto atakuwa na nguvu ya safari. Basi utakuja mwezi ya kenda. Sitaki sababu.

Ukikuja, fanya hivi. Umunyonyeshe ku Likasi, kusudi afike amelala kisha ameamuka, si ya kulia njaa. Umulete macho wazi. Kuko batu batakuja kukusalimia mu njia, ubaache, bapite. Kuja kwangu kwanza, umuweke mu mikono yangu, kisha urudi nyuma hatua mbili. Na usimuambie mi ni nani. Si na Kifaransa, si na ile Kiingereza yenu, hata na Kiswahili yako ya mwalimu. Nyamaza. Mi mwenyewe nitamuambia.

Kambo Bilkisi